Mtihani Mbele ya Binti Yairo

Usiku ule wa kuamkia Jumapili nililala sakafuni, kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mwanangu Upendo, na nililala na njaa. Naanza na njaa ili asije akatokea mtu wa kusema nilishiba maharage nikaota majinamizi. Nyumba yetu nzima ilikuwa kwenye mfungo tangu Ijumaa asubuhi. Mimi na baba yake hatukuwa tumetia chochote kinywani, na Upendo mwenyewe, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye homa ilikuwa imemla hadi mifupa ya mabega ikamchomoza, alikuwa akipewa maji ya kuombewa tu, tena kwa kijiko.

Si kwamba zahanati hatukwenda. Tulikwenda. Daktari alimpima, akasema ni homa ya matumbo, akatupa vidonge na kutuonya kwamba avimeze akiwa amekula, na kwamba tumlazimishe uji kidogo kidogo hata kama anaukataa. Tukarudi nyumbani tukiwa na moyo. Lakini jioni moja homa ikapanda, mtoto akaanza kuweweseka, akiita majina ya watu tusiowajua, na hapo ndipo alipokuja Mama Sifa, kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaani kwetu. Alimwangalia Upendo kwa muda, akatuambia kwamba hiyo si homa. Kuna kitu ndani ya mtoto, alisema, na kitu hicho ndicho kinachokula kila anachokula yeye, kwa hiyo dawa yake ni kukinyima. Nyumba nzima ifunge hadi Jumapili ibada itakapokwisha, mtoto naye afunge, vidonge viwekwe kando. Na tusimwambie mtu, hasa wale wa zahanati, maana kitu kile kina masikio.

Mama Sifa si mtu mbaya. Siku nilipojifungua Upendo yeye ndiye aliyenishika mkono, na kwenye misiba ya mtaa wetu yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Baba Upendo alikubali kwa sababu ya hofu, na mtu mwenye hofu hukubali lolote linalosemwa kwa sauti ya uhakika. Mimi nilikuwa na maneno yangu mdomoni. Niliyameza, na ndicho kitu pekee nilichokimeza siku zile.

Kabla sijaieleza ndoto yenyewe, lazima niseme habari ya picha.

Kanisani kwetu, huku milimani ambako ukungu huingia ndani watu wakiwa kwenye ibada, ukutani nyuma ya madhabahu pana picha kubwa ya rangi za mafuta. Ililetwa na wamishenari kutoka Denmaki, zamani za babu zetu. Mwinjilisti wetu, Mwalimu Lukelo, aliyetufundisha kipaimara, alizoea kutueleza kwamba ilichorwa huko kwao katika karne ya kumi na tisa na mtu aliyesomea chuo kikubwa cha sanaa, mahali ambapo mwanafunzi alikalishwa miaka mingi mbele ya mtu aliye hai hadi ajue kuchora goti likawa goti. Ndiyo maana, alisema, ukiukaribia mkono wa Yesu pale unaiona mishipa. Ni picha ya binti Yairo, yule msichana aliyekufa akiwa na miaka kumi na miwili, Yesu akaingia chumbani kwake akamshika mkono akamwinua.

Ila mchoraji hakumchora akiwa ameinuka. Amemchora kabla kidogo. Msichana amelala juu ya shuka nyeupe, uso wake wa rangi ya majivu, midomo imepiga ubuluu. Yesu ameketi ukingoni mwa kitanda na kumshika kiganja. Mama amepiga magoti, Yairo amesimama na kujifunika uso kwa joho lake, na mlangoni wamejazana waliaji na filimbi zao. Jicho moja la msichana limefunguka kidogo, upenyo tu. Tukiwa watoto tulibishana hadi kutaka kupigana: wengine walisema ameshaamka, wengine wakasema ni jicho la maiti ambalo halikufumbwa vizuri. Aliyeichora alikuwa fundi kweli, na kwetu sisi ufundi wake ulikuwa balaa, kwa sababu hakuna mtoto aliyekubali kukaa dawati la mbele.

Kona ya chini, upande wa kushoto, siku hizi haionekani. Umoja wa akina mama tulinunua chombo kikubwa cha maua ya plastiki, tukakiweka pale, na tangu siku hiyo hakijahamishwa. Mimi ni mmoja wa wanaoyafuta vumbi maua hayo kila Jumamosi. Kuna nini nyuma yake, nilikuwa nimeshasahau.

Mwalimu Lukelo alifariki nikiwa na mimba ya Upendo. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na alitembea na fimbo ya mwanzi ya kuonyeshea picha. Hakuwahi kumpiga mtu kwa fimbo ile. Kabla ya kipaimara alitufanyia mtihani mbele ya usharika mzima: unasimama kwenye ngazi ya madhabahu, yeye anauliza, na bibi yako, jirani zako na maadui wa mama yako wote wanasikia unavyojibu. Ukikosa hakugombi. Anangoja. Nimeshaogopa vitu vingi maishani, lakini kungoja kwake kulikuwa kunanitoa jasho kwenye nyayo.

Basi, kwenye ndoto nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ile ya madhabahu. Nilikuwa nimevaa gauni langu jeupe la kipaimara, ila mwili ulikuwa wangu wa sasa, wa mama mtu mzima, na gauni lilikuwa limenibana hadi vifungo vya mgongoni vikawa vinakatika na kuanguka sakafuni. Madawati yalikuwa yamejaa. Watu wote walikuwa wamejitanda khanga hadi usoni kama walio msibani, na ukungu ulikuwa umeingia kanisani ukawafika magotini. Nilimtafuta mama yangu kati yao nisimwone.

Nikasikia fimbo inagonga saruji.

Mwalimu Lukelo aliingia kwa mlango wa sakristia. Alivaa lile koti la kijivu tulilomzika nalo, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu uliolowa, ukawa unaacha alama kila anapokanyaga. Nilijua kwamba amekufa. Nilijua kabisa, na yeye alijua kwamba najua, na hakuna kati yetu aliyetaka kuligusa jambo hilo.

"Kamwene," akaniamkia, salamu ya kwetu, kama alivyotuamkia kila asubuhi.

Nikaitikia kwa adabu, goti chini, kama mtu anavyomwitikia mkubwa. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtoto. Niliitambua: ilikuwa sauti ya Upendo.

Akanyoosha fimbo kwenye picha, akaanza kunionyesha watu mmoja mmoja, nami nawataja. Huyu ni mama wa binti. Fimbo inapomgusa, mama yule wa rangi anageuza kichwa na kunitazama. Huyu ni Yairo. Naye anageuka, joho likiwa bado usoni. Hawa ni waliaji. Wanageuka wote kwa pamoja, na filimbi zao zinanyamaza. Nataka kumwambia Mwalimu basi, tuishie hapo, lakini mtihani haukatizwi na anayefanya mtihani. Fimbo inashuka kitandani.

"Na huyu?"

"Binti Yairo," nikasema.

"Tazama."

Nikatazama. Ni Upendo. Ana nywele zake fupi za shule, ana lile kovu la nyusi alilolipata kwenye bembea, na ana rangi ile ya majivu na midomo ile ya ubuluu ambayo nimeitazama miaka yote nikidhani ni ya mtoto wa watu wengine.

Sikupiga kelele. Nilitaka, ila kelele haikuwepo.

Mwalimu Lukelo akashusha fimbo, akaiegemea kama alivyozoea, akauliza swali lake. "Bwana alipomwinua binti, aliwaagiza nini wazazi?"

Nikashukuru moyoni, maana hilo nalijua. Nikajibu kwa haraka kwamba aliwaagiza wasimwambie mtu.

"Hiyo ni nusu," akasema. "Nusu nyingine."

Nikakosa. Watu waliojitanda khanga wakaanza kunong'ona, na Mwalimu akaanza kungoja.

Sijui nilipandaje, lakini sasa niko ndani ya kile chumba cha kwenye picha. Kinanuka mafuta ya rangi na mshumaa uliozimwa. Sakafu ni ya baridi. Nashika mkono wa Upendo, na mkono si mkono, ni turubai. Umekauka, una nyufa, na ninapoubana rangi inabanduka na kuniangukia mapajani vipande vipande. Nauachia kwa hofu, kisha naogopa zaidi kwamba nimeuachia. Yairo aliyesimama na joho usoni naitambua miguu yake: ni miguu ya Baba Upendo, kidole gumba chake kilichopondwa na jembe. Namwita afunue uso. Anatikisa kichwa. Pale mlangoni, kati ya waliaji, yupo Mama Sifa, anaimba kwa ile sauti yake nzuri, macho ameyafumba, na machozi ya kweli yanamtoka. Wote wanalia kwa moyo. Hakuna hata mmoja anayemtazama mtoto.

Na Yule aliyeketi ukingoni mwa kitanda, sikuthubutu kuinua macho nimwone usoni. Niliona mkono wa kanzu, na kiganja, na mishipa ile iliyochorwa na mtu aliyesoma miaka mingi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja, vilevile kama Mwalimu, na ningependelea hasira mara mia.

Mara niko kwenye benchi la zahanati. Muuguzi ametoka mlangoni na kuita jina la mwanangu, jina lake kamili la shule. Nakaa kimya. Anaita tena. Nimeziba mdomo wangu kwa mikono yangu miwili, naye anaita, kisha anageuka, anafunga mlango.

Mara niko jikoni kwa mama yangu, nakoroga chungu. Nakoroga kwa nguvu zote na mwiko unakwaruza, kwa sababu chunguni hamna kitu. Mama amenipa mgongo. Namwuliza kama ndani kuna unga. Anasema, bila kugeuka, kwamba unga upo, umekuwapo siku zote, amenyimwa mwenye njaa.

Na mara nimerudi chumbani, nimepiga magoti, na naliona jicho. Lile jicho lililofunguka upenyo, ambalo tulibishania utoto wetu wote. Linafumba. Polepole kope linashuka. Katika ubishi wetu wote hakuna aliyewahi kusema kwamba linaweza kufumba, na sasa nalitazama linafumba, na mwanangu ndiye mwenye jicho, na mimi swali nimelikosa.

"Jibu, Tumaini," akasema Mwalimu Lukelo, akiniita kwa jina langu. Alikuwa amesimama chini kwenye ngazi, mbali, nje ya picha, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Sikuwahi kuisikia ikitetemeka alipokuwa hai. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba naye anaogopa.

Nikamwambia sijui. Nilisema mbele ya usharika mzima kwamba sijui, anisaidie.

Akanyoosha fimbo kwenye kona ya chini, upande wa kushoto.

"Ondoa maua."

Nikatambaa hadi pale. Maua yetu ya plastiki yalikuwa yameota mizizi. Nayasema niliyoyaona: plastiki ile ilikuwa na mizizi minene iliyozama kwenye saruji, na kila nilipovuta ilinikwangua viganja. Nikavuta kwa mikono, nikavuta kwa meno. Nyuma yangu waliaji wameanza tena, na wimbo wa Mama Sifa umepanda juu ya wote, na sitaki kugeuka kulitazama lile jicho. Nikavuta hadi kitu kikakatika, chombo kikaanguka, maua yakasambaa.

Nyuma yake alikuwa amechuchumaa mwanamke mzee, mtumishi wa nyumba ile. Rangi zake zilikuwa mpya kuliko za wengine wote, kwa kuwa moshi wa mishumaa haukuwa umemfikia. Mikononi alishika bakuli, na juu ya bakuli mchoraji alikuwa ameupitisha mvuke kwa mstari mmoja mwembamba mweupe. Mwanamke yule alikuwa anamtazama Yesu, akisubiri kuambiwa tu.

Nikakumbuka yote. Kila mwaka, kila darasa, Mwalimu Lukelo alikuwa akiisimamisha fimbo yake pale mwishoni, baada ya watu wakubwa wote kutajwa, na kutuambia tumtazame huyu bibi vizuri, kwani wachoraji wengi humsahau na huyu wa Denmaki hakumsahau. Sisi tulikuwa tumeshachoka, tunawaza kwenda kucheza.

Mwanamke akaninyooshea bakuli. Nikalipokea, na lilikuwa la moto. Katika ndoto ile yote ndicho kitu pekee kilichokuwa na joto.

"Aliagiza binti apewe chakula," nikasema.

Mwalimu hakunipongeza. Hakuwa mtu wa kupongeza. Aliuweka mwanzi wake kwapani, kama mtu aliyemaliza kazi, akanitazama kwa huruma ambayo mpaka leo sijaisahau.

"La kunyamaza mmelishika," akasema. "La kulisha mmeliacha. Nenda, kunakucha."

Nikaamka.

Shavu langu lilikuwa limepigwa chapa ya mkeka na nguo yangu ilikuwa imelowa jasho. Dirishani palikuwa na weupe wa alfajiri. Nikanyanyuka kwa magoti nimtazame mwanangu: alikuwa amelala chali, rangi ile ile ya majivu, na jicho moja limefunguka upenyo. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa baridi. Nikaweka sikio langu mdomoni mwake na nikangoja, na safari hii aliyekuwa anangoja ni mimi. Pumzi ikaja, ndogo, kisha nyingine.

Nilikwenda jikoni nikiwa peku. Kiberiti kilinizimikia mara kadhaa kabla moto haujashika. Nikateleka sufuria, nikakoroga unga wa ulezi, na niliposikia uji unaanza kutokota nikalia, kwa sababu kulikuwa na kitu ndani ya sufuria.

Baba Upendo akatokea mlangoni amejifunga shuka. Alinitazama, akautazama uji. "Mama Upendo," akasema taratibu, "ibada bado."

Nikamwambia najua. Nikamwambia pia kwamba mtoto akishakula atameza vidonge vyake, kisha tunampeleka zahanati kwa miguu yetu wenyewe, na anayetaka kusikia na asikie. Akaanza kuniambia kuhusu Mama Sifa, kwamba ametuombea sana, kwamba zimebaki saa chache tu. Sikumgombeza. Yeye pia alipata kipaimara kwa Mwalimu Lukelo, mwaka mmoja kabla yangu.

"Baba Upendo," nikamwuliza, "Bwana alipomwinua binti Yairo, aliwaagiza nini wazazi wake?"

Alishangaa, lakini akajibu papo hapo, kama mtoto wa darasani. "Wasimwambie mtu."

"Na nini tena?"

Nikakoroga uji, nikamwacha. Alisimama pale mlangoni na shuka lake, akitazama moto, na nikamwona anarudi nyuma miaka yote ile kulitafuta jibu, hadi akaipita picha, akawapita watu wakubwa wote, akafika kwenye kona. Nilijua amefika kwa sababu alijishika kichwa. Aliingia jikoni, akachukua bakuli kwenye kabati, akalifuta kwa ncha ya shuka lake, akanishikia nimimine.

Tukaenda naye chumbani. Yeye aliketi ukingoni mwa kitanda, akamwinua Upendo na kumwegemeza kifuani pake, mimi nikapiga magoti na kijiko. Cha kwanza kilimwagika chote kidevuni. Cha pili kilikaa mdomoni muda mrefu, nami nikawa natazama koo lake tu, sitazami kitu kingine chochote duniani. Koo likapanda, likashuka. Nikampa cha tatu. Upendo akakunja uso, akafumbua macho, yote mawili, akanitazama kwa ile kero yake ya siku zote ambayo nilikuwa nimeshasahau inafananaje.

"Mama," akasema, "uji hauna sukari."

Baba yake ndiye aliyekwenda kuileta sukari, mbio, shuka likamdondoka njiani na wala hakurudi kuliokota.